Askari wa Korimoni

Asubuhi ya Jumanne moja Hoda alikuwa jikoni kwake Kiwanjani, mjini Isiolo, akimimina unga uliokorogwa wa anjera, mikate myembamba ya Kisomali, kwenye kikaango na kuuzungusha kwa mgongo wa upawa. Mlango wa uani ulikuwa wazi ili moshi utoke. Ukutani, upande wa barabara, watu wa mradi wa maghala walikuwa wamepiga alama ya X ya kubomolewa kwa rangi nyekundu mwezi uliopita. Juu ya alama hiyo Hoda alikuwa ameanika blanketi, kwa kuwa ukuta huo ndio uliopata jua mapema.

Bodaboda ilisimama nje. Hoda alisikia sauti ya Ekaale, Mturkana wa Ngare Mara aliyemletea maziwa ya ngamia, akilalamika kwamba kiti cha pikipiki yake kimelowa chapachapa. Kisha mtu akatoa salamu mlangoni. Hoda aliitikia bila kugeuka, maana anjera ilikuwa karibu kuiva. Alipoitoa na kuifunika, aligeuka akamwona babake.

Alikuwa hajawahi kumwona. Robow aliondoka Isiolo na jeshi la Waingereza mwaka wa arobaini na nne, Hoda akiwa bado tumboni, na meli iliyombeba ikazama. Lakini mamake Hoda, Ebla, alikuwa amemweleza mara nyingi jinsi alivyokuwa: mrefu, mwembamba, unyusi wa kushoto umekatwa katikati na kovu la teke la ngamia. Mtu aliyesimama mlangoni alikuwa hivyo hasa. Alivaa kaptura ya kaki na shati la jeshi, umri wake ulikuwa miaka ishirini na sita, na maji yalimtiririka kutoka kichwani hadi viatuni bila kukoma. Hoda alikuwa na miaka themanini na moja.

"Ebla yuko?" Robow aliuliza.

"Mama alifariki zamani, Abo. Tulimzika hapa hapa mjini. Mimi ni Hoda."

Robow akamwombea marehemu. Halafu akasema kwamba yeye ndiye aliyeagiza mtoto akiwa msichana aitwe Hoda, na amefurahi kuona neno lake lilishikwa.

"Vua viatu," Hoda alimwambia. "Nimepiga deki sasa hivi."

Robow akavua viatu, akamwaga maji yake nje, akaingia. Alikula anjera zote zilizokuwa zimeiva, na Hoda akaanza kupika nyingine.

Njiani, alisema, hakupata shida. Alitembea chini ya bahari hadi mdomo wa Tana, akaufuata mto hadi Garissa, akakatiza nchi kavu mpaka kwenye vinamasi vya Lorian, na kutoka hapo akapanda na Ewaso Ng'iro. Alitokea juu ya maji pale Gotu, kwenye maporomoko, ambapo Ekaale alikuwa akijaza mtungi. Ekaale alimwuliza anakwenda wapi. Alipotaja jina la Hoda, Ekaale alimwambia apande, kwa sababu hata yeye alikuwa akielekea huko na maziwa.

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba babake Hoda amefika. Majirani walikuja na sukari na majani ya chai kama wanavyofanya mtu akitoka Hija. Jemimah, mwenye duka lililo upande wa pili wa barabara, mwanamke wa Nyeri aliyeishi Isiolo tangu ujana wake, alileta taulo mbili, akaona hazitoshi, akarudi dukani kuchukua karai la kuwekwa chini ya kiti. Maji yale yalikuwa ya chumvi. Mbuzi wa mtaa waligundua jambo hilo kabla ya watu, na kuanzia siku hiyo walifika kila asubuhi kuramba mahali Robow alipoketi. Wenye mifugo walishukuru, kwa kuwa chumvi ya mbuzi ilikuwa imepanda bei.

Msikitini kulitokea swali la mazulia. Sheikh alilifikiria, kisha akaeleza kwamba maji ya bahari ni safi, hivyo zulia litakuwa limelowa tu, halitakuwa limechafuka. Walitandika turubai karibu na mlango. Baada ya Ijumaa ya kwanza wazee walisema haifai askari kukaa nyuma namna ile, wakaliburuta turubai hadi safu ya mbele.

Abdifatah, mwana wa Hoda, alirudi jioni kutoka safari ya Moyale. Alikuwa na lori la kubeba ngamia na mbuzi, na ndevu zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alimwinamia babu yake, akamwita Awowe, na kumwomba aeleze kilichotokea, kwa sababu nyumbani walikuwa na habari nusu nusu.

Robow alieleza. Meli ilikuwa na jina gumu la Kiingereza, Corrimony, na askari waliiita Korimoni. Ilitoka Kolombo kuelekea Chittagong, imejaa askari wa Afrika Mashariki, na nyumbu wa kubebea mizigo wamefungwa juu. Siku ya pili mbingu ilikuwa na rangi ya ini. Kimbunga kilipofika hakikuja kama upepo wa Isiolo unaosukuma vumbi na kupita. Kilikuja na kukaa. Kiling'oa maturubai, kikang'oa ngazi, kikawachukua nyumbu mmoja mmoja, nao waliondoka wamesimama wima kama wanaopanda kilima. Bahari iliinuka kuliko bomba la moshi. Maji yakaanza kuingia upande wa mbele.

Pampu za kutoa maji zilihitaji mvuke, na mvuke ulihitaji moto. Watu wa kuchochea makaa walikuwa wameumia, wengine wameungua vibaya matanuri yalipofunguka yenyewe. Basi afisa mmoja Mwingereza alishuka mahali askari walipojifunga kwa kamba, akauliza ni nani atakayeingia chini kushika makoleo. Koplo Huka, Mborana wa huku huku Isiolo, alijifungua kamba kwanza. Robow alimfuata, na wengine saba, wote watu wa Isiolo. Afisa aliwaambia mbele ya kila mtu kwamba moto ukiwaka, meli itakaa juu na mashua zitashuka. Aliwaambia wasiondoke mpaka waitwe. Akaongeza kwamba mahali kila mmoja wao alipoacha mke wake Isiolo, hapo patakuwa pake na pa kizazi chake, na hakuna atakayewaondoa.

"Tulichochea," Robow alisema. "Taa za juu hazikuzimika hata mara moja. Mashua zote zilishuka. Hakuna aliyekuja kutuita."

Meli ilizama ikiwa wima, nao wakaendelea na kazi. Hata ilipofika chini waliendelea, kwa sababu hakuna aliyewaambia wauzime moto. Mpaka sasa ulikuwa unawaka.

Abdifatah alimwuliza kilichomleta baada ya muda wote huo. Robow alisema habari huwafikia polepole, kupitia wale wanaozama. Mwaka uliopita aliwafikia kijana wa Isiolo aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda kazi ng'ambo. Alikaa nao, akawapa habari za mtaani, na kati ya habari hizo akasema kwamba Kiwanjani kuna mradi wa maghala ya mizigo na nyumba zitawekwa alama zibomolewe. Huka alilitua koleo lake, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akamwambia Robow aende akawakumbushe watu ahadi. Watu wanane wangetosha kwenye moto.

Hoda alisikiliza yote akiwa ameketi kitako, mikono magotini. Kulikuwa na jambo ambalo babake hakulijua, naye akamwambia bila kulipamba. Wale waliookoka walirudi wakamweleza Ebla juu ya moto na ahadi. Lakini kulikuwa pia na maneno mengine. Afisa yule alitunukiwa nishani kwa ajili ya moto ule, na wakubwa wakasema uliwashwa na mafundi wa meli. Watu wakaanza kuuliza, ikiwa moto ulikuwa wa mafundi, Robow alikuwa wapi. Ikavuma kwamba alitoroka Kolombo, akaoa huko. Ebla aliambiwa hivyo kisimani, na Hoda akaambiwa hivyo kwenye chuo cha Kurani na watoto wenzake. Ebla hakuolewa tena. Kila walipomsema aliwajibu kwamba mumewe yuko kazini.

Karai chini ya kiti cha Robow likajaa. Jemimah akaenda kulimwaga.

Asubuhi iliyofuata Abdifatah aliwapeleka kwenye ofisi ya mradi. Afisa aliyeshughulikia viwanja aliitwa Ndegwa, mtu mpole wa makamo aliyehamishiwa Isiolo kutoka Murang'a. Alimpa Robow kiti cha plastiki badala ya kile cha kitambaa, akaomba radhi kwa hilo, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwamini. Babu yake mwenyewe alikwenda vita hivyo, akarudi bila mguu.

"Lakini mzee, shida yangu ni hii," alisema. "Kama ulikufa, mtu amekufa hawezi kupewa kiwanja. Na kama haukufa, serikali itauliza miaka hii yote ulikuwa wapi."

"Nilikuwa kazini," Robow alisema.

Ndegwa alisema anaelewa, ila hakuna mahali pa kuweka jibu kama hilo. Ahadi ya mdomo ilihitaji shahidi. Robow alisema mashahidi wako wanane. Ndegwa aliuliza kama wanaweza kufika ofisini. Robow alimweleza kwamba wakifika moto utazimika. Ndegwa aliwasindikiza hadi kwenye lori, akampa Hoda mkono kupanda.

Jumamosi Ndegwa alikuja nyumbani. Hakuwa amevaa nguo za kazini, na alikuwa na paketi mbili za maziwa na mkate. Alikunywa chai, akasifu chai, halafu akasema amekuwa akilifikiria jambo lao na ameona njia. Askari waliorudi kutoka vita hivyo walikuwa na haki ya kiwanja, wao na watoto wao, na haki hiyo haikuwahi kufutwa. Ilikuwa kwa waliorudi tu. Robow angesema kwamba maji yalipoingia alipanda ngazi, akaokotwa na mashua, akafikishwa nchi nyingine na kukaa huko, basi angehesabiwa miongoni mwa waliorudi. Nyumba isingeguswa. Mtu hangemwuliza juu ya umri wake, kwa kuwa ofisi haiangalii sura ya mtu, inaangalia maneno yake.

"Ni kusema tu ulipanda ngazi," Ndegwa alisema. "Jambo ndogo."

Hakulisema kwa hila. Alikuwa amekosa usingizi kwa ajili yao.

Robow alitazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye vidole vyake. Alisema hakuna aliyepanda ngazi. Ngazi ilikuwepo, ilikuwa karibu na tanuri la tatu, na kila mmoja wao aliiona. Akisema yeye alipanda, itakuwa amesema tanuri la tatu liliachwa. Huka yuko chini mpaka leo, na habari hufika. Kisha akamgeukia bintiye.

"Nyumba ni yako, mimi sikuijenga. Ukiniambia niseme, nitasema."

Abdifatah alizaliwa ndani ya nyumba ile, na watoto wake wote walizaliwa humo. Jemimah, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia pembeni.

Hoda alitazama kuta ambazo mamake alizikandika kwa udongo na yeye mwenyewe akazipiga plasta mwaka aliompata Abdifatah. Alimfikiria Ebla kisimani, ndoo mkononi, akiwajibu wanawake jibu lile lile moja. Alikuwa mzee, na hakutaka kuhama. Usiku alijua kufika msalani bila taa, na mahali pengine angelazimika kujifunza upya.

"Abo, usiseme," alisema. "Maisha yangu yote niliambiwa baba yangu alitoroka. Siwezi kuuza jina lake ndio nibaki na mabati."

Kisha akamshukuru Ndegwa kwa kuja, akamwongezea chai, naye Ndegwa akainywa. Alipoinuka alisema mashine itafika Alhamisi, na kwamba yeye hana uwezo wa kuirudisha. Hoda alimwambia anajua. Alimfungia anjera za kubeba.

Hawakungoja mashine iwakute ndani. Jumatano Robow na Abdifatah walishusha mabati, wakang'oa milango na madirisha, wakapakia vyote kwenye lori pamoja na vitanda. Robow alifanya kazi kama mtu aliyezoea kubeba vizito, na misumari aliyoishika ilianza kupata kutu siku hiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi Hoda alioga, akavaa dirac ya Iddi, gauni lake refu la Kisomali, na shash mpya kichwani, akajipaka hina viganjani. Aliomba kiti kiwekwe kando ya barabara. Robow alipiga pasi shati lake la kaki kwa mkono, likiwa limelowa, akasimama kando ya kiti cha bintiye, visigino pamoja. Jemimah alifunga duka, akaja kusimama upande wa pili. Mafundi wa viatu walikuja, na wenye mifugo, na wanafunzi wa chuo cha Kurani pamoja na mwalimu wao. Hakuna aliyelia, kwa sababu Hoda hakulia, na ilionekana si adabu kumtangulia.

Dereva wa mashine alizima injini alipowaona. Alishuka, akamwuliza Hoda kama angependa asogezwe mbali kidogo, kwa ajili ya vumbi.

"Hapa panatosha," Hoda alisema. "Huyu ni baba yangu. Alichochea moto wa Korimoni. Wewe fanya kazi yako."

Dereva alimpa Robow mkono, akarudi juu. Kuta zilianguka kwa urahisi. Vumbi lilikwenda upande wa Robow, likamshika mwilini likawa tope, naye hakulifuta mpaka kazi ilipokwisha.

Walihamia mtaa wa Wabera, kwenye vyumba viwili vya Jemimah nyuma ya kinyozi. Hoda alijifunza njia mpya ya msalani. Alasiri, jua likipungua, alimshika babake mkono wakaenda sokoni kwa hatua za pole. Alisimama kwa kila aliyemjua na kwa wengi asiowajua, akawaeleza mkono alioushika ni wa nani. Wanawake wachache waliobaki, wale ambao mama zao ndio waliokuwa wakisema kisimani, walikuja mmoja baada ya mwingine kumsalimia Robow. Hawakueleza sababu. Hoda aliwapokea wote, akawapa uji. Abdifatah alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mamake akiwa na afya kama miezi ile, wala kuzungumza kiasi kile.

Hoda alifariki kabla ya mvua za Novemba, baada ya swala ya alfajiri, akiwa amelala upande wake wa kulia. Hakuwa ameugua. Wanawake walimwosha na kumvika sanda, wanaume wakambeba. Makaburini lilibaki swali la nani atashuka kumpokea, maana mwanamke hupokewa na maharimu wake. Abdifatah alianza kuvua viatu. Robow akamgusa bega.

"Kama baba yuko, ni baba," alisema.

Alishuka. Alimpokea mikononi, mwepesi ndani ya sanda, akamlaza kwenye mwanandani na kumwelekeza kibla. Alimtengenezea kichwa kwa udongo. Udongo wa Isiolo mwezi huo ni vumbi tupu, lakini pale alipougusa ulishikana vizuri, na wachimbaji walisema ni mara ya kwanza kwao kutohitaji ndoo. Alikaa naye muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Hakuna aliyemharakisha. Kisha Abdifatah akampa mkono, akapanda.

Baada ya dua watu walijipanga kutoa pole. Walianza kwa Robow, mwenye miaka ishirini na sita, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa marehemu. Kisha wakaenda kwa Abdifatah mwenye ndevu nyeupe. Ndegwa alikuwepo pia, amesimama nyuma kidogo, kofia mkononi. Zamu yake ilipofika aliushika mkono wa Robow kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mzee."

"Nilimwacha tumboni," Robow alisema, "na nimemlaza kwa mkono wangu mwenyewe. Ameenda hana deni na mtu, na jina lake safi."

Ndegwa aliitikia kwa kichwa, akasogea mbele kumpa Abdifatah pole.

Kiwanja kilizungushiwa waya wiki iliyofuata. Maghala hayajajengwa, na bango la mradi limepauka kiasi kwamba halisomeki. Robow anaishi Wabera, humsaidia Abdifatah kupakia lori, na madereva wa barabara ya Moyale wanasema hakuna anayejua injini inayochemka kama yeye. Mgeni akimwuliza yeye ni mtu wa wapi, husema ni wa Kiwanjani, kisha huonyesha kwa kidole ilipokuwa nyumba. Hakuna aliyewahi kumbishia.